Paa Bila Ardhi: Uhakiki wa Mipango ya Nyumba ya Wenyeji wa Asili katika Miji ya Kanada

Vijana wetu wa vyuo wanapojadili habari za nchi zilizojengwa na walowezi, mara nyingi hukwama mahali pamoja. Wanasoma kwamba katika miji ya Kanada yako mashirika ya nyumba yanayoendeshwa na wenyeji wa asili wa nchi ile, kwa ajili ya wenyeji wa asili wasio na makao, na papo hapo huuliza: je, huu si ukabila? Chama kimetufundisha tangu siku za TANU kwamba binadamu wote ni sawa, na kwamba mnyonge hatambuliwi kwa ukoo wake bali kwa nafasi yake katika uzalishaji mali. Kwa nini basi tuunge mkono mpango unaompa mtu nyumba kwa kuangalia babu yake alikuwa nani?

Swali hili ni halali, na kada anayelijibu kwa kukemea hajalijibu. Lakini liko kosa la pili lililo kinyume chake, nalo tunalisikia kwa wasomi wetu wanaopenda kila neno jipya litokalo ng'ambo. Hao huisifu mipango hiyo yote kwa pumzi moja. Mradi neno "wenyeji" limeandikwa mlangoni, wao wameridhika. Hawaulizi kiwanja ni cha nani, mkopo wa kununulia nyumba umetoka wapi, wala paa likivuja nani atamlipa fundi. Sisi tunasema makosa haya mawili yana mzizi mmoja. Yote mawili yanatazama nasaba ya mtu na kusahau umilikaji.

Tuanze na historia, kwani bila historia swali la ukabila halijibiki. Wenyeji wa asili wa Kanada ni Mataifa ya Kwanza, Wainuiti na Wametisi. Mwaka 1876 Bunge la walowezi lilitunga Sheria ya Wahindi, ambayo pamoja na marekebisho yake mengi ipo hadi leo. Sheria hiyo ndiyo iliyoamua nani ni "Mhindi" na nani si Mhindi, na ardhi ipi ibaki kwa ajili yake chini ya udhamini wa serikali. Baada ya upinzani wa mwaka 1885, mawakala wa serikali katika nyanda za magharibi waliwadai watu pasi kabla ya kutoka katika maeneo waliyotengewa. Msomaji aliyesikia habari za kipande kule Kenya wakati wa ukoloni hahitaji kuelezwa zaidi. Watoto wapatao 150,000 walitiwa katika shule za bweni zilizoendeshwa na makanisa kwa fedha za serikali, na za mwisho zilifungwa katika miaka ya 1990. Mwanamke aliyeolewa na mwanamume asiye na hadhi ya Kihindi alifutwa katika daftari, hadi sheria iliporekebishwa mwaka 1985; na aliyefutwa katika daftari alipoteza haki ya kuishi katika ardhi ya watu wake. Huyo alikwenda wapi? Alikwenda mjini.

Kwa hiyo aliyewagawa watu kwa nasaba si shirika la nyumba la Winnipeg. Ni dola ya walowezi, na ilifanya hivyo kwa sababu ya ardhi. Ukabila tunaoupiga vita sisi ni ule wa kumnyima mwenzako kwa sababu ya kabila lake. Kumrudishia mtu alichonyang'anywa kwa sababu ya kabila lake ni jambo jingine, hata kama daftari linalotumika ni lile lile.

Matokeo yake yanahesabika. Sensa ya mwaka 2021 ilionyesha kwamba wenyeji wa asili ni watu milioni 1.8 hivi, yaani asilimia 5 ya wananchi wote wa Kanada. Kati yao 801,000 hivi wanaishi katika miji mikubwa; Winnipeg peke yake ina zaidi ya 100,000. Lakini katika hesabu za watu wasio na makao zilizofanywa miaka ya karibuni katika miji na vitongoji vya nchi nzima, wenyeji wa asili wamekuwa karibu theluthi moja, na katika Winnipeg wamekuwa theluthi mbili au zaidi. Anayesema kwamba jambo hili ni la umaskini tu, na kwamba damu haihusiki, atueleze kwanza asilimia 5 imegeukaje kuwa theluthi moja.

Tena huko mjini mtu huyu hana mwenyewe. Katiba ya Kanada ya mwaka 1867 iliweka habari za "Wahindi" mikononi mwa serikali kuu. Kwa muda mrefu serikali kuu ilishikilia kwamba wajibu wake unakoma kwenye mpaka wa eneo lililotengwa, na serikali za majimbo nazo zikasema kwamba Mhindi ni mzigo wa serikali kuu. Wakawa wanatupiana mpira, na mpira ni binadamu. Hata Wametisi na wale wasio katika daftari walilazimika kungoja hadi mwaka 2016 ndipo Mahakama Kuu ya nchi hiyo, katika kesi ya Daniels, iliposema kwamba nao wanahesabiwa chini ya wajibu wa serikali kuu.

Waraka wa mwaka 2017

Katika kufundisha somo hili tumetumia sana waraka wa Jesse Thistle, mwandishi wa asili ya Wametisi na Wacree ambaye mwenyewe alipata kuishi bila makao. Waraka huo wa mwaka 2017 unafasili upya ukosefu wa makao kwa wenyeji wa asili wa Kanada. Hoja yake kubwa ni kwamba kukosa makao si kukosa jengo tu. Ni kukatwa na ardhi, maji, jamaa, lugha na mila. Thistle anataja aina 12 za hali hiyo: kuhamishwa kihistoria, kutengwa na nchi yako kwa umbali, kupotelewa na utamaduni, kubanana katika nyumba moja, kurudi kwenu ukakuta huna pa kukaa, kukimbia madhara, na nyinginezo.

Msomaji wa Kiswahili hapati taabu kuielewa hoja hii. Lugha yetu yenyewe inatofautisha nyumba na kwetu. Mtu aweza kuwa na nyumba ya vyumba vinne Mbezi na bado akaulizwa kwao ni wapi, na asione kwamba ametukanwa. Hapo Thistle ametenda kazi nzuri. Ameuondoa mjadala mikononi mwa makarani wanaohesabu vitanda na kuupeleka kwenye historia ya unyang'anyi.

Lakini uhakiki si kusifu tu. Katika vichwa vya aina zile 12, hakuna hata kimoja kinachomtaja mwenye nyumba, wala kodi, wala mshahara. Hatusemi kwamba mwandishi haujui umaskini. Anaujua kuliko sisi. Tunasema kwamba anayesoma vichwa hivyo bila msingi wa siasa ya tabaka aweza kudhani ugonjwa wote ni wa moyo, na dawa yake ni ngoma na maombi. Na ndivyo watawala wa Kanada walivyopenda kuusoma. Serikali ya kibepari haiogopi kupiga ngoma katika ufunguzi wa jengo. Inachoogopa ni swali la hati ya kiwanja.

Kilichotokea kwa nyumba 10,000

Sasa tuingie katika kiini. Mwaka 1970 wenyeji wa Winnipeg waliunda Kinew, linalotajwa kuwa shirika la kwanza la nyumba la wenyeji wa asili katika miji ya Kanada. Wapangishaji walikuwa wakiwafungia milango, au wakiwapangisha vibanda vibovu kwa kodi kubwa. Kinew ikanunua nyumba kuukuu, ikazikarabati, ikazipangisha kwa watu wake. Katika miaka iliyofuata mashirika ya namna hii yakatokea katika miji mingine. Lu'ma ya Vancouver iliandikishwa mwaka 1980. Tunasisitiza jambo hili kwa sababu vitabu vya serikali hupenda kuanza hadithi kwenye mpango wa serikali. Hadithi ilianza na wapangaji.

Serikali kuu iliingia kwa nguvu mwaka 1978 kwa mpango wa nyumba za wenyeji wa mijini. Utaratibu wake ulikuwa hivi. Shirika la wenyeji lisilotafuta faida lilinunua au kujenga nyumba kwa mkopo wa rehani. Mpangaji alilipa kodi kwa kipimo cha pato lake, kwa kawaida asilimia 25. Pengo kati ya kodi hiyo na gharama halisi lilizibwa na ruzuku ya serikali kwa mkataba wa muda mrefu, hadi miaka 35. Kwa njia hiyo zilipatikana nyumba zaidi ya 10,000, zikiendeshwa na mashirika kama 100. Hili si jambo dogo. Familia nyingi zililelewa humo ambazo zingelelewa katika vyumba vya kulala wageni.

Mwaka 1993 serikali kuu ikaacha kutia fedha katika nyumba mpya za namna hiyo. Wakati huohuo wenyeji waliendelea kumiminika mijini. Foleni ikarefuka, nyumba zikabaki zile zile.

Lakini ubaya mkubwa zaidi ulikuwa ndani ya mkataba wenyewe tangu siku ya kwanza. Ruzuku ilifungwa pamoja na rehani. Rehani ikiisha, ruzuku nayo inaisha. Makarani walijenga hoja kwamba nyumba ikishalipiwa haina deni, basi kodi itatosha kuiendesha. Hesabu hiyo ni sahihi kwa mpangaji mwenye mshahara mnono. Kwa mpangaji anayelipa robo ya posho ya ustawi wa jamii, robo hiyo haitoshi kulipa kodi ya jiji, bima na moto wa kupashia nyumba katika baridi ya Winnipeg, sembuse kubadili paa la nyumba iliyokuwa kuukuu tangu iliponunuliwa. Shirika likabaki na njia tatu: kupandisha kodi, kuchukua wapangaji wenye uwezo zaidi, au kuuza nyumba moja ili kutengeneza nyingine. Kila moja ya njia hizo inamrudisha mnyonge barabarani, na safari hii anayemtoa ni shirika la ndugu zake. Ubepari umepata mtumishi wa kufanya kazi chafu bila kuonekana.

Wako walioliita jambo hilo "kujitegemea". Hapa sisi tuliolelewa katika Azimio la Arusha tuna neno la kusema. Azimio lilionya kwamba fedha za kuombwa haziwezi kuwa msingi wa maendeleo, na likataja msingi wenyewe kuwa ni watu, ardhi, siasa safi na uongozi bora. Ardhi imo katika orodha ile. Kumnyang'anya mtu ardhi, kisha kumwambia ajitegemee kwa kodi ya mtu asiye na kazi, ni kulitumia neno la wanyonge kuwapigia wanyonge.

Na jambo hili lina uhusiano na nchi yetu kuliko wengi wanavyojua. Desemba 1971 kiongozi wa Wahindi wa Kanada, George Manuel wa taifa la Secwépemc, alikuja Tanzania katika sherehe za miaka 10 ya Uhuru. Aliyoyaona hapa juu ya ujamaa yalimwathiri. Kitabu chake cha mwaka 1974 kilieneza wazo la "Dunia ya Nne", yaani mataifa yaliyomezwa ndani ya nchi za walowezi, na jina hilo alilipata katika mazungumzo na Mbuto Milando, ofisa wa ubalozi wetu mjini Ottawa. Mwaka 1975 Manuel akawa kiongozi wa kwanza wa Baraza la Dunia la Wenyeji wa Asili. Tuwakumbushe vijana basi kwamba wanapoliuliza swali la ukabila, wanalijadili wazo ambalo mwanadiplomasia wa Tanzania alishiriki kulizaa.

Wala haitufai kuzungumza kana kwamba sisi tumelimaliza. Ardhi yetu ni ya umma, na hati za milki ya kudumu zilifutwa baada ya Uhuru. Hata hivyo, katika mradi wa viwanja na huduma wa miaka ya 1970 Dar es Salaam, viwanja vingi vya Sinza, Kijitonyama na Mikocheni, vilivyokusudiwa wenye kipato cha chini, viliishia mikononi mwa wenye uwezo. Ardhi kuwa ya umma kisheria haitoshi ikiwa daftari la ugawaji liko mezani kwa bwana mkubwa. Swali la umilikaji lina sehemu ya pili, nayo ni swali la nani anaamua.

Uongozi wa wenyeji unabadili nini

Hapo ndipo tunapopambana na wenzetu wanaodai kwamba uongozi wa wenyeji ni pambo tu. Si pambo. Tutazame mambo mawili.

La kwanza ni kipimo cha taifa cha ukaaji wa nyumba, kilichotungwa Kanada katika miaka ya 1980. Kinasema wasilale zaidi ya watu wawili chumba kimoja, mtu mzima asiye na mwenzi awe na chumba chake, watoto wa jinsia tofauti waliotimiza miaka mitano wasichanganywe. Kwa ofisa wa jiji hiki ni kipimo cha afya. Kwa familia ambayo shangazi amekuja kutibiwa mjini na wanawe watatu, ni hati ya mashtaka. Na mashtaka hayo hayaishii kwenye nyumba. Sensa ya mwaka 2021 ilionyesha kwamba watoto wa wenyeji wa asili walikuwa asilimia 7.7 ya watoto wa chini ya miaka 15, lakini asilimia 53.8 ya watoto waliokuwa chini ya malezi ya kambo. Nyumba duni hutumika kuwa ushahidi wa kumchukua mtoto. Mtoto aliyechukuliwa, akitimiza umri wa kutolewa katika malezi, mara nyingi huingia moja kwa moja katika jeshi la wasio na makao. Shirika linaloongozwa na watu wanaojua maana ya shangazi huandika kanuni zake namna nyingine. Jamaa anayepitisha mwezi mmoja sebuleni kwake ni mgeni, wala si mvamizi.

La pili ni Ambrose Place ya Edmonton, jengo la vyumba 42 lililofunguliwa mwaka 2014 na shirika la wenyeji liitwalo Niginan. Wanaokaa humo ni watu walioishi nje miaka mingi, wengi wakiwa wagonjwa na walevi wa muda mrefu. Hawatakiwi kuacha pombe kwanza ndipo wapewe chumba. Na wapo wazee wa jadi na huduma za mila kwa anayezitaka. Tulipoieleza habari hii darasani, baadhi ya makada walikunja uso. Chama cha wakulima na wafanyakazi kinaweza kumpangisha mlevi? Tunawajibu hivi: sharti la kuacha pombe kabla ya kupewa nyumba lilijaribiwa kwa miaka mingi katika miji ya Marekani ya Kaskazini, na matokeo yake ni kwamba mlevi alibaki nje akaendelea kunywa. Fikra ya kutanguliza nyumba, iliyoanza New York mwaka 1992, ilijaribiwa katika miji mitano ya Kanada kati ya mwaka 2009 na 2013, Winnipeg ikiwa mmoja, na ikaonyesha kwamba watu wengi zaidi hudumu katika nyumba wakipewa nyumba kwanza. Walichoongeza wenyeji ni kwamba mtu arudishwe pia katika heshima ya ujamaa. Maadili yasiyompa mtu mlango wa kufunga ni ya wenye milango.

Basi uongozi unabadili maisha ndani ya nyumba. Haubadili peke yake ni nani mwenye nyumba. Mfano wa Senakw mjini Vancouver unalionyesha jambo hili kwa upande mwingine kabisa. Mwaka 1913 watu wa Squamish walifukuzwa katika kijiji hicho na nyumba zao zikachomwa. Baada ya mashauri ya miaka mingi mahakamani walirudishiwa ekari 10.5 tu. Leo wanajenga juu ya ekari hizo minara 11 yenye nyumba kama 6,000, kwa msaada wa mkopo wa dola bilioni 1.4 uliotangazwa na serikali kuu mwaka 2022. Hapa ardhi ipo na uamuzi upo. Wanachama wenyewe walipiga kura mwaka 2019 na wengi sana wakakubali. Lakini sehemu kubwa ya nyumba hizo ni za kupangisha kwa kodi ya soko, katika mji ambao kodi yake ni miongoni mwa zilizo juu kabisa Kanada. Asiye na makao wa Downtown Eastside ataiona minara hiyo kwa mbali.

Tuwe waangalifu katika hukumu. Taifa hilo lina haki ya kutumia ardhi yake litakavyo, nasi hatuna mamlaka ya kuwadai wafukara wa jana wawe watakatifu kuliko mabepari wanaowazunguka. Viongozi wao wanasema mapato yatawapatia wanachama makazi, na huenda ikawa hivyo. Ila kada asiite mradi huo mpango wa wasio na makao. Ni mradi wa mapato. Kama mapato hayo yatamfikia mwanachama anayelala nje au yataishia katika tabaka dogo la wakurugenzi, hilo litaamuliwa na mapambano ndani ya taifa lenyewe. Mwongozo wa mwaka 1971 ulipoonya juu ya viongozi wenye kiburi na ubwana, haukusema kwamba onyo hilo ni kwa weupe tu.

Tumalizie na fedha za sasa. Mkakati wa taifa wa nyumba wa mwaka 2017 uliahidi mikakati kwa Mataifa ya Kwanza, Wainuiti na Wametisi, kila kundi na wake, lakini ukawaacha bila mkakati wao wenyeji wanaoishi mijini. Mashirika yao yakadai hadi mwaka 2022 yakaunda chombo kimoja cha taifa, NICHI, na mwaka 2023 chombo hicho kikapewa dola milioni 281.5 kuzigawa. Bajeti ya mwaka huohuo ikatenga dola bilioni 4 kwa miaka 7, kuanzia mwaka wa fedha 2024–25. Kwa mara ya kwanza chombo cha wenyeji wenyewe kilikaa mezani kuamua shirika lipi la mji upi lipate nini. Huo ni ushindi, na haukutolewa kwa hisani.

Lakini tusome masharti kama tulivyosoma yale ya mwaka 1978. Fedha ziligawiwa kwa mashirika kushindana kwa maombi, na katika mashindano ya maombi mwenye karani hodari humshinda mwenye shida kubwa. Zinajenga na kukarabati. Kuendesha ni habari nyingine. Wapangaji wenyewe, ambao miaka ya 1970 ndio walioanzisha mambo, hawatajwi sana katika nyaraka za mabilioni. Na nyumba itakayosimama kwa fedha hizo itahitaji paa jipya baada ya miaka 20 au 25, wakati bajeti iliyoijenga itakuwa imekwisha katika mwaka wa fedha 2030–31.